Mume wangu anarudi na gari lake kutoka Uingereza, na shemeji ana mpango wake

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Ipagala hapa Dodoma na ninafanya kazi katika ofisi mojawapo ya Mji wa Serikali, Mtumba. Mume wangu yuko Uingereza, katika mji wa Leicester, mwaka wa sita sasa, akifanya kazi ya kuhudumia wazee. Mkataba wake unaisha mwezi wa Novemba na tumekubaliana arudi nyumbani moja kwa moja, kwa sababu watoto wamekua wakimjua baba yao kwa simu, na hilo limeanza kunitisha kuliko upungufu wa fedha.

Jambo linalonikosesha usingizi ni gari. Mume wangu ana Vauxhall Astra ya petroli, injini ya sisi 1,600, iliyotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na anataka kuipakia melini mwezi huo huo wa Novemba ili Krismasi tuwe nayo hapa. Amesikia kutoka kwa Watanzania wenzake kwamba mtu anayerudi kuishi nyumbani anasamehewa ushuru wa gari lake moja. Alilinunua kama miaka miwili iliyopita kutoka kwa Mtanzania mwenzake waliyekuwa wakipanga nyumba moja, akamlipa sehemu kwa mkono na sehemu kwa benki, lakini kadi ya gari ilibaki kwa jina la yule rafiki mpaka mwezi wa Machi mwaka huu ndipo wakaibadilisha. Sijui kama hilo lina madhara.

Sasa ameingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anafanya biashara ndogo ya magari Dar es Salaam. Anasema Astra si gari la kupotezea msamaha. Anataka mume wangu aiuze huko huko, waongeze fedha, wanunue Land Rover Discovery ya miaka ya karibuni, iingie nchini kwa jina la mume wangu bila ushuru, kisha yeye aiuze kwa mteja ambaye tayari anaye na faida tugawane nusu kwa nusu. Ameahidi kwamba karatasi zozote zitakazopungua atazitengeneza yeye. Nikimwambia ninaogopa, ananijibu kwamba wanawake wa ofisini tunaogopa mihuri.

Mshauri, huyu shemeji si mtu wa kumjibu ovyo. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba yetu tangu msingi mpaka bati, akisafiri kutoka Dar es Salaam kwa nauli yake, na mume wangu anamheshimu sana. Naomba unieleze: msamaha huo upo kweli? Je, ni busara kuleta Astra, au auze? Na shemeji nimjibu nini? Swali dogo la mwisho: je, anaweza kujaza buti televisheni, nguo na vyombo, ili tusilipie mzigo mara mbili?

Mama wawili, Ipagala

JIBU

Marahaba, dada yangu. Msamaha upo, lakini umewekewa masharti ambayo wenzake mume wako wanayataja nusu nusu, na nusu inayosahaulika ndiyo inayowaacha watu bandarini na gari wasiloweza kulitoa.

Tanzania haina sheria yake peke yake juu ya ushuru wa forodha. Inatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika pia Kenya, Uganda na kwa wanachama wengine. Katika Jedwali la Tano la sheria hiyo, mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya Jumuiya, awe mgeni anayekuja kuishi kwa mara ya kwanza au mwenyeji anayerejea, ameruhusiwa kuingiza bila ushuru wa forodha vyombo vyake vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia pamoja na gari moja. Gari hilo lisiwe basi la abiria zaidi ya 13 wala la mizigo lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 2, na mwenyewe awe ametimiza umri wa miaka 18. Hayo hayamgusi mumeo. Sharti linalomgusa ni kwamba gari liwe ni mali yake binafsi, na awe amelitumia yeye mwenyewe nje ya Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku ambazo gari linakuwa njiani baharini.

Hapo ndipo mwezi wa Machi unapoleta shida. Ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania akiichukua kadi ya gari na kuhesabu kutoka Machi mpaka Novemba, atapata miezi minane, na kwa hesabu hiyo ombi linakataliwa pasipo mjadala. Lakini mumeo anayo hoja, tena hoja ya haki. Kadi ya usajili ya Uingereza, ile wanayoiita V5C, inaeleza juu yake yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu aliyeandikishwa kuwa mtunzaji wa gari, ambaye anaweza kuwa mwenye mali au asiwe. Kwa hiyo tarehe ya kadi si lazima iwe tarehe ya kununua. Ikiwa alilinunua miaka miwili iliyopita, anaruhusiwa kulithibitisha hilo kwa njia nyingine, na mzigo wa kuthibitisha uko begani mwake yeye anayeomba msamaha, si kwa ofisa.

Uthibitisho wenyewe ni wa aina gani? Ile sehemu ya malipo iliyopita benki imeacha taarifa yenye tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Aiombe benki yake ikiwa na mhuri wao. Ile iliyolipwa kwa mkono haina mdomo, isipokuwa kama waliandikiana hati ya mauziano siku ile ile. Baada ya benki, mimi ningetazama bima, na hapa naomba uwe makini, kwa sababu bima inaweza kumwokoa au kumwangusha. Uingereza mtu anaweza kulikatia bima gari ambalo kadi yake ina jina la mwingine, mradi aiambie kampuni ya bima ukweli huo. Ikiwa tangu mwanzo mumeo ndiye mwenye bima, na kila mwaka ameihuisha kwa jina lake, ana karatasi nzuri sana mkononi, inayoonyesha matumizi kwa tarehe. Lakini ikiwa bima ilibaki kwa yule rafiki na mumeo akaandikwa tu kama dereva wa ziada, basi karatasi hiyo hiyo itasema kwamba gari lilikuwa la rafiki mpaka Machi, na hakuna maelezo ya mdomo yatakayoishinda. Risiti za matengenezo na za ukaguzi wa kila mwaka zenye jina lake zinasaidia, ingawa kwa uzito mdogo zaidi.

Namsihi asikubali kabisa wazo la kukaa na yule rafiki leo na kuandika hati ya mauziano yenye tarehe ya miaka miwili iliyopita. Shemeji amesema karatasi zitakazopungua atazitengeneza, na ninaogopa ndicho alichokuwa akikifikiria. Wanaweza kuandika leo, kwa tarehe ya leo, tamko la pamoja mbele ya mwanasheria kwamba mauziano yalifanyika wakati fulani kwa malipo fulani, na kuliambatanisha na taarifa ya benki. Tamko la namna hiyo ni halali kwa kuwa halifichi lini limeandikwa, na ofisa atalipima kwa uzito wake.

Jambo la pili ambalo mumeo lazima alithibitishe ni kwamba alikuwa akiishi Uingereza na sasa amehama, hakwenda matembezi. Pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka, mkataba wa nyumba, hati za mshahara, bili za kodi ya halmashauri ya mji, na barua ya mwajiri inayosema kazi imekwisha. Kibali chake cha ukaazi siku hizi kinatunzwa kidijitali, kwa hiyo akichapishe kabla hakijafungwa. Dada yangu, nakazia hapa kuliko mahali pengine popote: karatasi hizi zote zinapatikana kwa urahisi akiwa Leicester na kwa taabu kubwa akiwa Ipagala. Akishaondoka, akaunti ya benki inaweza kufungwa, simu ya kule ikazimwa, mwenye nyumba akaacha kujibu, na barua ambayo angeipata kwa kutembea dakika kumi akaisubiri mwezi mzima. Watu wengi wanaonyimwa msamaha wanakuwa na haki nao. Wanachokosa ni karatasi, na wanalitambua hilo wakiwa tayari wako Dar es Salaam.

Amwombe pia yule aliyemuuzia athibitishe kwamba gari halina mkopo. Magari mengi Uingereza hununuliwa kwa mkopo unaolikamata gari lenyewe, na kwa kawaida hadi deni liishe mali huhesabiwa kuwa ya mkopeshaji. Kuna huduma za kulipia za kuangalia historia ya gari kwa namba yake, na gharama yake ni ndogo. Gari lenye deni likipakiwa melini bila idhini ya mkopeshaji, hilo linaweza kuwa kosa huko linakotoka kabla hata halijafika kwetu.

Karatasi zikikamilika, aandike ombi kwa Mamlaka ya Mapato, kitengo cha forodha, kabla gari halijapanda meli. Unaweza kumsaidia kuanza kuuliza katika ofisi yao hapa Dodoma. Ombi litaje kila kodi kwa jina lake, kwa sababu kila moja ina sheria yake: ushuru wa forodha uko chini ya sheria ya Jumuiya niliyoitaja, kodi ya ongezeko la thamani ina sheria yake ya mwaka 2014, na ushuru wa bidhaa una sheria yake nyingine. Anayeandika tu kwamba anaomba msamaha wa kodi ya gari anaweza kupata jibu zuri juu ya kodi moja na kimya juu ya nyingine, kisha akashangaa kuona ankara. Jibu mlipate kwa maandishi.

Vilevile atunze tarehe. Mizigo isiyofuatana na msafiri inatakiwa iingie ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe alipowasili, na Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda huo, lakini usizidi siku 360 tangu kuwasili. Meli nyingi zinazotoka Ulaya kuja upande wetu zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, na safari imerefuka. Krismasi kwa gari lililopakiwa Novemba ni matumaini tu, msiwaahidi watoto.

Sasa tuseme bima ilikuwa kwa jina la rafiki na benki haina cha kusema. Hapo mumeo atalipa kodi kama mwagizaji mwingine yeyote, na ni vizuri ujue uzito wake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari ikiwa pamoja na bima na nauli ya meli. Juu yake unakuja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya sisi 1,600 umekuwa asilimia 5, na kwa gari lililozidi miaka kumi unaongezwa ule wa uchakavu, ambao umekuwa asilimia 30. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inatozwa juu ya jumla yote hiyo, maana yake ni kwamba unalipa kodi juu ya kodi. Tuchukue mfano wa gari linalothaminiwa shilingi milioni 10 likifika: ushuru wa forodha ni milioni 2.5; ushuru wa bidhaa unahesabiwa juu ya milioni 12.5, yaani laki 6 na elfu 25 kwa injini na milioni 3.75 kwa uchakavu. Kodi ya ongezeko la thamani ni kama milioni 3.04. Jumla inakaribia milioni 9.9, kabla ya tozo ya maendeleo ya reli, ada za forodha, gharama za bandari na za usajili. Gari limejilipia lenyewe mara mbili. Tena msitegemee risiti ya bei ya kirafiki aliyouziwa mumeo, kwa maana Mamlaka ina thamani zake za magari yaliyotumika, na kikokotoo chao kiko wazi katika tovuti yao. Mwaka, aina na ukubwa wa injini ndivyo vinavyotazamwa.

Ndiyo maana ushauri wangu juu ya Astra una pande mbili na siwezi kuupunguza uwe mmoja. Msamaha ukikubaliwa kwa maandishi, kulileta kuna faida ya kweli, kwa kuwa kinachosamehewa kinakaribia bei ya gari lenyewe. Usipokubaliwa, aliuze Leicester bila kusitasita, aje na fedha. Nauli ya meli haiangalii kama gari ni la thamani au la bei poa. Gari la zamani linalipa sawa na jipya la ukubwa ule ule, kwa hiyo kadiri gari linavyokuwa la bei ndogo ndivyo nauli inavyokula sehemu kubwa ya thamani yake.

Hata msamaha ukipatikana, amwite fundi alitazame chini kabla ya kulipia meli. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Juu litang'aa, chini limeoza. Mengine ni ya kuvumilika. Usukani uko kulia kama wetu, tofauti na magari ya Ufaransa au Ujerumani, ingawa kipimo cha mwendo kinasoma maili, na asipokizoea atakuja kuandikiwa faini Kibaigwa au Gairo akidhani anakwenda taratibu. Spea ndizo zitakazokusumbua wewe, ambaye nadhani ndiye utakayeliendesha kila siku kwenda Mtumba na kurudi. Vauxhall ni jina la Kiingereza la magari ya Opel, na mafundi wetu wengi wa Dodoma mikono yao imezoea Toyota na Nissan. Akiamua kulileta, vitu vinavyochakaa haraka avinunue kule na kuviorodhesha katika mzigo: chujio za hewa na mafuta, pedi za breki, mikanda, na seti ya vifaa vya mfumo wa kupoza injini. Chujio za hewa aongeze. Vumbi letu unalijua.

Kuhusu buti: hapana. Meli za magari, zile ambazo gari linaendeshwa mpaka ndani, kwa kawaida hazikubali mizigo ndani ya gari, na kilichoachwa humo hupotea au huzua maswali. Kama vyombo ni vingi kiasi cha kuhalalisha gharama, achukue nafasi katika kontena pamoja na gari, na kila kitu kiandikwe katika orodha, mpaka pasi na blenda. Vyombo vya nyumbani vilivyotumika vina msamaha wao katika jedwali lile lile, kwa hiyo hana sababu ya kuvificha. Televisheni tatu mpya ndani ya maboksi yao ni habari nyingine, maana hakuna familia inayotumia televisheni ndani ya boksi.

Kabla gari halijaondoka, ajaze ile sehemu ya kadi ya V5C inayohusu kulitoa gari nchini moja kwa moja na kuituma kwa mamlaka ya magari ya kule, DVLA, abaki na sehemu iliyosalia, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayodaiwa huku wakati wa usajili. Apige picha za kadi nzima kabla hajaikata. Kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki atarudishiwa. Huku nyumbani ahakikishe ana namba ya utambulisho wa taifa na namba ya mlipa kodi, kwa kuwa bila hizo gari halisajiliwi kwa jina lake. Wakala wa kutoa mizigo awe mwenye leseni, atoe makadirio kwa maandishi yanayotenganisha kodi za serikali, gharama za bandari na ujira wake, na kodi zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si kwa simu ya wakala. Bandarini siku za bure ni chache, kisha tozo ya kuhifadhi huanza kupanda kila siku; gari lisilotolewa kwa muda mrefu huishia mnadani.

Nimemwacha shemeji mpaka mwisho kwa sababu mpango wake unajibiwa na yote niliyoyaeleza. Discovery itakayonunuliwa Oktoba haitakuwa na miezi 12 ifikapo Novemba, kwa hiyo haina msamaha hata kidogo. Ili ionekane inao, lazima mtu adanganye tarehe. Kutoa tamko au hati ya uongo kwa forodha ni kosa ambalo adhabu yake chini ya sheria ile ile inaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000 za Marekani, na gari linaweza kutaifishwa. Na hata kama mumeo angekuwa amelimiliki Discovery hilo kwa haki miaka mitano, msamaha umetolewa kwake kwa matumizi yake. Siku linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Kwa hiyo ile faida ya nusu kwa nusu ambayo shemeji ameihesabu haiko mahali popote. Ni ushuru wa serikali ambao amekwisha kuugawa kabla haujadaiwa. Zaidi ya hayo, jina katika kila karatasi litakuwa la mumeo peke yake. Mteja akilitumia bila kubadilisha kadi, faini za barabarani zitakuja kwa mumeo, ajali itakuwa ya mumeo, na siku forodha wakifuatilia, shemeji atakuwa shahidi tu.

Hata hivyo, nimesoma barua yako mara ya pili nikaona kitu ambacho wewe umekiandika kwa kupita. Kijana huyu amesafiri kutoka Dar es Salaam kwa nauli yake, amesimamia nyumba yenu msingi mpaka bati, na hukuniambia kwamba alilipwa. Inawezekana kabisa kwamba moyoni mwake msamaha wa gari ndio malipo yake, na kwamba akikataliwa bila neno jingine atahisi amedhulumiwa jasho la miaka. Deni hilo ni la haki, na linapaswa kulipwa kama deni la usimamizi wa nyumba, kwa fedha halisi ambazo wewe na mumeo mtazipanga, hata kama ni kwa awamu. Likichanganywa na gari, hamtajua kamwe ni lini limekwisha.

Anayepaswa kumjibu ni kaka yake. Wewe ukimjibu, neno litageuka kuwa shemeji wa kike amemzuia mume wake asisaidie ndugu, na huko hamtarudi upesi. Mumeo ampigie yeye mwenyewe, aanze na nyumba kabla ya gari: amshukuru, amwambie kwamba wamekaa na mkewe wakaona hawajamlipa inavyostahili, na ataje wanachokusudia kufanya. Kisha amweleze kwamba gari litakaloingia kwa jina lake ni lile alilolitumia, au halitaingia lolote. Kama shemeji bado anamtaka mteja wake wa Discovery, ipo njia ya wazi: aliagize kwa jina lake na namba yake ya mlipa kodi, alipe ushuru, na kaka yake, angali Uingereza mpaka Novemba, amsaidie kwenda kulitazama gari, kulipeleka kwa fundi na kukagua historia yake kabla fedha haijatumwa. Wafanyabiashara wengi wa magari wa Dar es Salaam wangelipia msaada wa namna hiyo, kwa sababu wananunua kwa picha.

Mkataba wa mumeo ukikaribia kuisha na uthibitisho wa miezi 12 ukawa haujakamilika, asivutwe na wazo la kukaa kule mpaka Machi bila kibali cha ukaazi ili kutimiza hesabu. Kuvunja masharti ya viza kwa ajili ya gari la miaka kumi ni hasara ambayo itamfuata kila atakapoomba viza tena, popote.

Kabla hajampigia mdogo wake, mpigie wewe leo umwombe afungue barua pepe zake na kutafuta bima ya kwanza ya gari hilo: imeandikwa jina la nani, na kuanzia tarehe gani. Akikutumia picha ya ukurasa huo, ndipo mtajua kama mnaandika ombi la msamaha au tangazo la kuuza Astra.